Jaladi: mtu wa ngozi aliyeishia kukata vichwa

Swali: "Katika tamthilia za Kituruki nasikia mtu akiitwa 'jelat', na katika filamu za Kihindi kuna 'jallad'. Wote wawili kazi yao ni kuwaua waliohukumiwa. Je, ni neno moja? Limetoka wapi na maana yake hasa ni nini? Rafiki yangu anashikilia kwamba ndilo lililozaa neno letu 'jela'. Na mwisho: nikitafsiri hadithi ya zamani yenye mtu huyo, niandike 'mnyongaji'?"

Ndiyo, ndugu msomaji, ni neno moja. Kuhusu jela, rafiki yako amepotea: hilo tulilipata kwa Waingereza, pamoja na majengo yenyewe. Ila hisia yake kwamba neno hili lina ndugu katika Kiswahili ni sahihi, amekosea mlango tu. Ndugu wa kweli ni wawili, mjeledi na jalada, na pengine leo hii umeshika mmoja wao mkononi bila kuwaza habari za vichwa kukatwa.

Asili ni Kiarabu: jallād, lenye herufi l iliyokazwa katikati na irabu ndefu mwishoni. Waajemi walilichukua kama lilivyo, na kwa kuwa Kiajemi kilikuwa lugha ya ofisi na ya ushairi katika dola ya Mughal iliyotawala Bara Hindi, likaingia Kiurdu na Kihindi bila kubadilika. Waturuki nao wanaliandika cellat. Herufi yao c ndiyo j yetu, na d ya mwisho hugeuka t kwa sababu Kituruki hakipendi kumalizia neno kwa d. Ukiongeza irabu nyuma yake, d inarudi: celladı. Kwa hiyo sikio lako halikukudanganya, lilisikia neno lilelile limevaa nguo mbili.

Sasa tuingie ndani ya neno. Kiarabu hujenga maneno juu ya konsonanti tatu, na hapa ni j-l-d. Jild ni ngozi, ya mtu au ya mnyama. Kutoka hapo kuna kitenzi jalada, yaani kumpiga mtu kwenye ngozi, kumchapa. Ndiyo maana kitu cha kuchapia, kilichosukwa kwa ngozi na kinachotua kwenye ngozi, kwetu kikawa mjeledi. Na kitabu kilichovikwa ngozi kikawa na jalada, na fundi akasemwa anakijalidi. Leo majalada mengi ni karatasi ngumu au plastiki, na hata faili la kesi mahakamani huitwa jalada, lakini neno halijasahau ngozi ya mbuzi.

Kuna kingine cha kutazama, nacho ni umbo. Kiarabu kina kalibu ya kumtaja mtu anayefanya jambo mara kwa mara hadi likawa kazi yake: unakaza konsonanti ya katikati na kurefusha irabu inayofuata. Kiswahili kilichukua maneno kadhaa ya kalibu hiyo. Dalali ni mtu ambaye kazi yake ni kuelekeza wauzaji na wanunuzi. Hamali ni mtu ambaye kazi yake ni kubeba. Jallad amemiminwa humohumo: mtu ambaye kazi yake ni ngozi. Nimesema "ngozi" makusudi, maana katika Kiarabu neno hilo humtaja pia muuza ngozi, na zipo koo za Kiarabu zinazoitwa Jallad bila mtu yeyote kuzishuku mauaji. Kwa sarufi yake, basi, jaladi amesimama foleni moja na dalali na hamali. Lugha haikumtengea kiti cha kutisha.

Kwa hiyo maana ya kwanza ya jallad katika mambo ya hukumu ni mchapaji, wala si muuaji. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu wengi wanaoandika juu ya neno hili hupita mbio na kukosa jambo lenyewe.

Katika sheria ya Kiislamu, jald ni adhabu yenye hesabu. Sura ya An-Nur, aya ya 2, inataja mapigo 100 kwa wazinifu, na aya ya 4 inataja 80 kwa anayewasingizia wanawake wenye heshima zao bila kuleta mashahidi wanne. Wanazuoni hawakuishia kwenye idadi. Walijadili chombo, mkono na mahali pa kupiga. Imamu Malik, katika Muwatta, anasimulia kwamba mtu mmoja alikuja kukiri zinaa, Mtume akaagiza mjeledi. Akaletewa uliovunjika, akasema: zaidi ya huu. Akaletewa mpya ambao ncha zake hazijalegea, akasema: chini ya huu. Akaletewa uliokwisha kutumika ukalainika, na huo ndio uliotumiwa. Wanafikihi wakaongeza kwamba mchapaji asiinue mkono hadi kwapa lake lionekane, aepuke uso na sehemu za siri, na asirundike mapigo mahali pamoja.

Mfasiri mkubwa wa Qur'ani, Zamakhshari, aliyefariki mwaka 1144, aliona kwamba mpaka huo umo ndani ya neno lenyewe. Kwa kuwa jald limetokana na jild, alisema, ni ishara kwamba maumivu hayapaswi kuvuka ngozi kufika kwenye nyama. Fikiria hilo, kisha umtazame yule wa kwenye tamthilia aliyeshika kamba. Jina lililobeba amri ya kukomea kwenye ngozi limeishia kwa mtu ambaye kazi yake haikomei popote.

Lilifikaje huko? Sababu si ya kimiujiza. Mwenye mamlaka hakuhitaji watu wawili, mmoja wa viboko na mwingine wa vifo. Aliyekwisha kuajiriwa kuwaumiza watu kwa amri ndiye aliyeitwa hukumu ilipokuwa nzito zaidi. Kazi ikapanuka, jina likabaki. Baada ya vizazi kadhaa watu waliposikia jallad walifikiria kwanza kile kinachowatia hofu zaidi, na mjeledi ukarudi nyuma.

Kama unadhani hilo ni tukio la Kiarabu tu, tazama Uhispania. Mwenye kutekeleza hukumu ya kifo huko huitwa verdugo. Mzizi wa neno hilo ni verde, yaani kijani. Verdugo ni kwanza chipukizi la mti, kisha fimbo mbichi iliyokatwa kutoka mtini, kisha kiboko, kisha anayepiga kwa kiboko, na mwisho anayeua. Alama ya kuvimba inayoachwa na kiboko mwilini bado huitwa verdugón. Huku neno lilianzia kwenye ngozi inayopigwa, kule kwenye ufito unaopiga, na yote mawili yakafika kwa mtu yuleyule.

Wakati huohuo Kiarabu kilikuwa na neno jingine, sayyāf, na hili halina kujificha: ni mtu wa upanga. Kalibu ni ileile ya dalali, na mzizi ni sayf, upanga, ambao kwetu umezaa akina Seif wengi wapole. Ukisoma Alfu Lela Ulela, yule Masrur anayetembea usiku mjini Baghdad pamoja na Khalifa Harun al-Rashid na waziri wake Ja'far ni sayyaf, si jallad. Masrur alikuwepo kweli. Mnamo mwaka 803 Khalifa alimtuma akamkate kichwa Ja'far huyohuyo, wa ukoo wa Barmaki, rafiki wa miaka mingi, na hakuna sababu iliyowaridhisha wanahistoria wote mpaka leo. Hadithi zikaendelea kuwatembeza watatu hao vichochoroni kama hakukutokea kitu. Mimi kila nikisoma usiku mmoja wa matembezi yao humtazama Ja'far kwanza.

Na ngozi haikukosekana hata kwenye upanga. Katika masimulizi ya mabaraza ya watawala wa Kiarabu utakutana na agizo: leteni upanga na natʿ. Natʿ ni mkeka wa ngozi. Hutandikwa chini, aliyehukumiwa akapigishwa magoti juu yake, ili damu isichafue zulia la baraza. Mtu akisikia natʿ imeagizwa alijua maongezi yamekwisha. Wapo waliookoka dakika hiyo kwa beti mbili tatu za shairi, ama ndivyo masimulizi yanavyopenda kudai. Kuhusu waliosahau mashairi yao hatuambiwi mengi.

Umetaja Waturuki, na kwao habari ina mkunjo wake. Katika dola ya Osmani cellat walikuwa watu wa chini, na aliyewasimamia kwenye jumba la Topkapı alikuwa na cheo ambacho ukikisikia hutashtuka: bostancıbaşı. Bostan ni bustani, neno lilelile letu. Bostancı ni mtu wa bustani, na bostancıbaşı ni mkuu wao. Watu hawa walitunza bustani za Sultani kweli, walilinda kuta na ufukwe, na mkuu wao ndiye aliyeshika usukani wa mashua ya Sultani katika mlango wa bahari wa Bosforo. Na ndiye aliyepokea amri za kuua. Kikosi hicho kilivunjwa mwaka 1826, pamoja na majanisari, askari wa miguu wa Sultani.

Aina ya kifo ilitegemea damu ya mtu. Wa ukoo wa Osmani hakumwagwa damu, alinyongwa kwa kamba ya hariri au ya upinde. Mwanamfalme Mustafa, mtoto wa Sultani Suleiman, alinyongwa mwaka 1553 ndani ya hema la baba yake karibu na Ereğli, na waliofanya kazi hiyo walikuwa mabubu wa jumbani, watu wasioweza kusimulia walichosikia. Osman wa Pili alinyongwa mwaka 1622 katika ngome ya Yedikule. Mwaka 1648 zamu ikamfikia Sultani Ibrahim, na safari hii jina la cellat tunalo: Kara Ali. Evliya Çelebi, msafiri na mwandishi wa karne ya 17, anamweleza Kara Ali akipita katika gwaride la vyama vya mafundi wa Istanbul, zana zake zikining'inia kiunoni. Waokaji wana nafasi yao, washonaji wana yao, na wauaji wa serikali nao wamo humohumo. Nilipokuambia kwamba sarufi inampanga jaladi pamoja na dalali na hamali, Istanbul waliligeuza kuwa tukio la barabarani.

Ila kwenye gwaride ndipo usawa ulipoishia. Ukiingia ua wa kwanza wa Topkapı, upande wa kulia kabla ya lango la kati, kuna bomba la maji lililojengwa ukutani liitwalo Cellat Çeşmesi, chemchemi ya jaladi, ambapo inasimuliwa alinawa mikono na kuosha upanga. Na walipokufa wao, watu hawakutaka kulala nao makaburini. Walizikwa mbali, juu ya kilima cha Eyüp, chini ya mawe marefu yaliyochongwa vibaya, bila jina wala tarehe. Katika mji ambao kaburi la karani lina kilemba cha jiwe na beti za shairi, jiwe tupu si bahati mbaya. Jamaa wa waliouawa wasijue pa kwenda kulaani.

Ukishazoea kutazama hivi, utaona kwamba majina ya mtu huyu mara nyingi hukwepa neno kifo. Cairo ya enzi za masultani wa Mamluki ilimwita mashāʿilī, mbeba mwenge, kwa kuwa watu walewale walioangaza njia usiku ndio waliopewa kazi ambazo hakuna aliyezitaka. Iran ya ukoo wa kifalme wa Qajar ilikuwa na mīr-ghażab, mkuu wa ghadhabu, na ghadhabu hiyo ni ileile uijuayo. Maana yake hasira ni ya Shah, huyu anaibeba tu. Huko huko Iran adhabu nyingi zilikuwa chini ya farrāsh, na farrāsh maana yake ni mtandika mazulia. Waziri mkuu Amir Kabir alipouawa mwaka 1852 ndani ya hamamu ya bustani ya Fin, mjini Kashan, aliyefika na amri ya Shah alikuwa mkuu wa watandika mazulia. Mbeba mwenge, mtu wa bustani, mtandika mazulia: mtu angedhani anasoma orodha ya watumishi wa nyumba ya tajiri. Ambaye hakuambiwa habari zao angewakaribisha ndani.

Wareno walitumia njia nyingine, ya kumsukumia mgeni. Neno lao algoz, yaani muuaji wa serikali, limetokana na Kiarabu al-Ghuzz, jina la Waturuki wa Oghuz ambao Almohad, watawala Waislamu wa Maghrib na Andalusia, waliwaajiri, na kazi hiyo ikaangukia kwao. Taifa zima likaacha jina lake kwenye kazi ya damu katika nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Waingereza wao walichukua jina la mtu mmoja: Jack Ketch, aliyemkata kichwa Lord Russell mwaka 1683 na Duke wa Monmouth mwaka 1685, mara zote mbili kwa kurudiarudia shoka hadi watazamaji wakapiga kelele. Baada ya hapo kila mnyongaji wa Uingereza aliitwa Jack Ketch, hodari au mzembe.

Bara Hindi ndiko neno lako bado lina kazi ya mshahara. Jallad ni jina la kawaida la mnyongaji wa gereza, na huko Meerut kuna ukoo ambao kazi imekuwa urithi wa baba, mwana na mjukuu, hata jallad likawa sehemu ya majina yao. Anayetumia neno hilo leo haoni ngozi, mjeledi wala upanga. Anaona kamba. Huko pia ni tusi la nyumbani: mwalimu mkali ni jallad, na baba asiyesamehe ni jallad. Washairi wa Kiajemi na Kiurdu, ambao hawaachi kitu kipite, wakamfanya mpenzi kuwa jaladi na jicho lake kuwa upanga, na shingo ya mshairi ikawa tayari siku zote. Ukiona neno hilo katika wimbo wa filamu, usikimbilie kutafsiri kitanzi. Yawezekana kuna harusi mwishoni.

Hiyo inatuleta kwenye swali lako la tafsiri. "Mnyongaji" ni neno zuri pale ambapo mtu kweli ananyongwa. Kwa jallad wa gereza la India, andika mnyongaji bila wasiwasi. Kwa cellat aliyeshika kamba ya hariri pia litakaa sawa, maana kunyonga kwetu ni kukaba shingo, iwe kwa kamba inayoning'inia au kwa kamba iliyozungushwa na mikono miwili. Lakini kwa Masrur ni kosa. Hakunyonga mtu; andika "mkata vichwa" au "mtu wa upanga". "Chinjachinja" sikushauri, kwa sababu msomaji wa Kiswahili atamwona mtu wa gizani anayewinda damu za watoto, ilhali jaladi anafanya kazi mchana kweupe na ana mkubwa wake. "Mtekelezaji wa hukumu ya kifo" ni sahihi kwenye gazeti au kitabu cha sheria. Kwenye hadithi litaua mdundo wa sentensi kabla jaladi hajamfikia mtu.

Kama hadithi ni ya kale na mtu huyo anachapa ukurasa mmoja na kuua ukurasa unaofuata, mimi ningeacha "jaladi" kama lilivyo na kulieleza mara moja, pale linapojitokeza kwa mara ya kwanza: "jaladi, mtu wa mijeledi na upanga wa Khalifa." Msomaji wetu ana mjeledi na jalada tayari kichwani. Hatahitaji kuelezwa mara ya pili.